Mgonjwa Haulizwi Uji: Mjadala wa Kifo cha Kusaidiwa Uanzie Wapi

Tarehe 6 Februari 2015, majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Kanada waliamua kwa kauli moja kwamba ni kinyume cha katiba kumzuia daktari asimsaidie kufa mtu mzima mwenye akili timamu, anayeteswa na maradhi yasiyotibika na aliyeomba kwa hiari yake. Sheria ikapitishwa Juni 2016. Mwaka 2021 mlango ukapanuliwa: hata mtu ambaye kifo chake hakijakaribia akaruhusiwa kuomba, mradi ugonjwa au ulemavu wake ni mzito na hauponi. Mwaka 2023 watu 15,343 walikufa kwa njia hiyo, sawa na 4.7% ya vifo vyote nchini humo. Kwa Waswahili waliohamia Toronto au Edmonton, basi, suala hili haliko mbali tena. Linaweza kutajwa kando ya kitanda cha mama au baba.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kifo cha kusaidiwa ni tendo la makusudi la kukatisha uhai. Kanada, daktari au muuguzi mwenye idhini humchoma mgonjwa dawa mshipani: ya kwanza ya kumtuliza, inayofuata ya kumlaza usingizi mzito, ya mwisho ya kulegeza misuli hadi pumzi ikome. Katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya kifo cha kusaidiwa inatumika tangu 1997, mgonjwa huandikiwa dawa na lazima ainywe mwenyewe. Jambo la pili ni kuzima mashine isiyomfaa tena mgonjwa. Hapo kinachoua ni ugonjwa. La tatu ni kumpa mofini ya kutuliza maumivu. Papa Pius XII alisema mwaka 1957 kwamba dawa hiyo inaruhusiwa hata kama inaweza kufupisha maisha, ikiwa kusudi ni kuondoa maumivu. Madaktari wa leo wanajua kwamba ikipimwa vizuri, kwa kawaida haifupishi. Hata hivyo zipo familia zinazoikataa zikidhani ni sumu ya kummalizia mgonjwa, na mtu akaumia hadi dakika yake ya mwisho bila sababu.

Kwingine mofini haikataliwi, ila haipatikani. Mwaka 2017 tume ya jarida la tiba la The Lancet ilionyesha kwamba kati ya karibu tani 299 za mofini na dawa za jamii yake zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo mia moja. Wala bei si kisingizio. Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa mofini huchanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu ya dawa ijulikane kwa kuitazama chupa, kisha mgonjwa huenda nayo nyumbani. Hunywa kipimo chake kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga choo. Tangu 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika, maana vijijini muuguzi yupo na daktari hayupo. Hii ndiyo huduma shufaa: kumtuliza mtu asiyeweza kupona, mwili na moyo, na kuwashika mkono wanaomuuguza.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ukimuuliza atakataa, asitake kukusumbua; wewe pika, lete, mshikie kikombe. Hoja yangu inasimama hapo. Jamii isiyomletea mgonjwa mofini, muuguzi wa kumtembelea na mtu wa kukaa naye usiku haina haki ya kumuuliza kama anataka kufa. Hiari ni kuchagua kati ya njia mbili au zaidi. Aliyebaki na mateso upande mmoja na sindano upande wa pili hajachagua, amesukumwa.

Wapo watakaonijibu kwamba maumivu si sababu kuu, na ni kweli. Oregon, wengi mno wa wanaoomba dawa hiyo tayari wanapata huduma za hospisi, yaani huduma shufaa ya mwisho wa maisha. Takriban tisa kati ya kumi hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo yao. Maumivu, au hofu ya maumivu, hutajwa na wachache zaidi. Lakini tazama sababu nyingine: Oregon na Kanada pia, zaidi ya theluthi moja hutaja hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa zao. Hofu hiyo haitoki kwenye uvimbe. Mgonjwa huisoma machoni mwa wanaomhudumia, katika gharama za matunzo, katika simu isiyopokelewa. Kwa hiyo ushahidi huu unaipanua hoja yangu: uji ni dawa, na ni kukaa naye vilevile.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru. Majaji wa Kanada walisema kwamba marufuku iliwasukuma baadhi ya wagonjwa kujiua mapema, wakihofia kwamba baadaye hawatakuwa na nguvu za kufanya hivyo. Na kweli wapo wachache ambao mateso yao hayatulizwi hata na huduma bora. Siwezi kumwita mtu huyo mkosefu kwa kuomba, wala sidai kwamba kilio chake kina jibu rahisi. Ila sheria haiandikwi kwa ajili yake peke yake. Inamfikia pia mjane asiye na wa kumgeuza kitandani, na mlemavu anayesubiri nyumba inayomfaa. Kwa hao, kifo kikipatikana haraka kuliko msaada, serikali imeshawajibia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unamuuguza mzazi huko uliko, omba huduma shufaa siku ile ile ugonjwa unapotangazwa kuwa hautapona. Usingoje wiki ya mwisho. Uliza juu ya mofini bila aibu. Ukituma fedha nyumbani kwa matibabu, uliza pia kama dawa ya maumivu imepatikana. Na mgonjwa akikuambia kwamba amechoka, usikimbilie kumkemea. Kaa chini, umuulize ni nini kinachomuuma.