Niliomba Elfu Hamsini, Benki Ikanipa Laki Tatu

Jumatatu moja baada ya adhuhuri, nikiwa kazini hapa Mombasa, ujumbe uliingia kwenye simu kutoka benki. Ombi langu la kadi ya mkopo limekubaliwa na kikomo changu, au limiti kama tuitavyo mitaani, ni shilingi 300,000. Niliusoma mara tatu nikidhani wamezidisha sufuri. Mimi niliomba 50,000, na haja yangu ilikuwa moja tu: tikiti ya ndege ya mamangu kwenda Dubai kumuona dadangu aliyejifungua, niilipe kwa miezi miwili.

Sitaficha, nilifurahi. Mshahara wangu ni 95,000 kabla ya makato, na sijawahi kushika laki tatu kwa pamoja. Jioni nikaitaja habari ile nyumbani, nikijigamba kidogo. Mamangu aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hizo pesa ni zako au za watu?" Watu wakacheka. Binamu yangu, aliyekuwa amekuja kunywa kahawa, hakucheka. Yeye alikuwa tayari anapiga hesabu.

Kesho yake alinifuata. Kuna tuktuk ya mkono wa pili huko Majengo, mwenyewe anataka 180,000 taslimu, na anaiuza wiki hii. "Wewe una laki tatu imelala tu, yakhe. Nitoe huko, nami nitalipa kila mwezi." Huyu ni mtu tuliyelelewa kitanda kimoja. Nilimwambia anipe siku mbili, na moyoni nilikuwa nishakubali.

Siku hizo mbili ndizo zilizonifundisha ninayoyaandika hapa, kwani nilikwenda benki na kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza kabla ya kutia sahihi.

La kwanza, kwa nini wamenipa nyingi hivi? Afisa alinieleza kwamba wanatazama mshahara unaopitia kwao, miaka uliyokaa nao, na rekodi yako kwenye mashirika ya taarifa za mikopo, yaani CRB. Kenya kuna matatu yenye leseni ya Benki Kuu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Wengi wetu tukisikia CRB tunawaza orodha ya wenye makosa, lakini mle pia mna habari njema zako. Mikopo midogo ya simu niliyokuwa nikiilipa mapema yote imeandikwa. Metropol hutoa alama kati ya 200 na 900, na kadiri unavyokaribia juu ndivyo mlango unavyofunguka. Na sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako mara moja kwa mwaka bila malipo. Ichukue, hata kama huna mpango wa kukopa. Wapo waliokuta humo deni walilokwisha kulipa zamani.

Lakini tazama kile ambacho hawakukitazama. Hawakujua kuwa nawalipia karo watoto wawili wa marehemu kakangu. Hawakujua kodi ya nyumba wala dawa za mama. Kikomo kile ni makisio ya benki juu ya kiasi inachoweza kuhatarisha kwako, wala hakisemi nyumbani kwako kunabaki nini mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimekichukua kama cheti cha utajiri.

Swali la pili lilikuwa la gharama. Ukinunua kitu dukani kwa kadi na ukalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, hulipi riba hata senti. Kadi yangu inanipa hadi siku 50. Benki haipati hasara hapo, kwa sababu mwenye duka hukatwa kamisheni kila kadi inapopitishwa, na wewe una ada yako ya mwaka. Kwa tikiti ya mama mpango huu ulifaa.

Kutoa pesa taslimu ni habari nyingine kabisa. Hapo hakuna siku 50. Riba inaanza siku hiyo hiyo, na kwa kadi yangu ni asilimia 3.5 kwa mwezi, juu ya ada ya asilimia 5 ya kutolea. Kwa hivyo 180,000 za tuktuk zingekuwa deni la 189,000 kabla hata haijatiwa petroli. Mwezi wa kwanza riba ni 6,615. Benki inataka nilipe angalau asilimia 10 ya deni kila mwezi, na hilo ndilo neno tamu linalowanasa wengi, maana linasikika dogo. Nilikaa na kikokotoo usiku. Nikilipa hiyo asilimia 10 kila mwezi bila kukosa, baada ya mwaka mzima nitakuwa nimetoa kama 163,700, na bado nadaiwa zaidi ya 80,000.

Binamu yangu alitarajia kubaki na shilingi 900 kwa siku baada ya mafuta. Kwa siku 26 ni 23,400. Malipo ya mwezi wa kwanza peke yake ni 19,500 na zaidi. Angekula nini yeye na wanawe? Na siku injini ikigoma, jina lililoko CRB ni langu.

Hukumu ya riba nawaachia wenye elimu ya dini. Ila mwenye kulitilia uzito suala hili ajue kuwa tangu 2008 tuna benki nchini zinazofuata sharia, ambako benki hununua chombo yenyewe kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Si rahisi kila mara, lakini deni halinenepi.

Nilimwonyesha binamu hesabu ile kwenye karatasi. Aliitazama, akaikunja, akasema, "Ungesema tu hutaki." Tuktuk iliuzwa Ijumaa kwa mtu wa Kisauni. Kwa wiki kadhaa alipita barazani kwetu bila kuketi, na iliniuma kuliko hiyo riba. Sasa anaendesha tuktuk ya mtu kwa hesabu ya kila siku na ameingia kwenye chama cha madereva wenzake. Tumeanza kusalimiana vizuri.

Tikiti ya mama nililipa yote kabla ya siku 50 kwisha. Kisha nikarudi benki kuomba kikomo kishushwe hadi 60,000. Yule afisa alidhani amesikia vibaya, akaniuliza kama kuna aliyenikosea. Nilimwambia hapana, nikajaza fomu ya ukurasa mmoja, ikaisha. Hakuna ada. Faida yake nyingine ni kuwa nikienda kuomba mkopo wa nyumba, laki tatu ambazo sijazitumia hazitahesabiwa kama deni ninaloweza kuliingia wakati wowote.

Wiki iliyopita ujumbe umeingia tena. Nimestahili kuongezewa hadi 350,000, nijibu NDIYO tu. Mamangu, amerudi kutoka Dubai, aliniuliza ni nani. Nikamwambia ni benki.

"Bado wanataka kukupa pesa za watu?"