Mawe ya kijito yanatuambia nini?



Tukishuka kwenye vijito vya Kabare ao Kalehe, vile vinavyoteremka mpaka Ziwa Kivu, kazi yetu ya kwanza ni kugeuza mawe. Jiwe likiwa na utelezi mwembamba wa kijani, ni vizuri. Ule utelezi ni mwani, mimea midogo sana. Sawa na mahindi yetu, unatumia mwanga wa jua na mbolea iliyo ndani ya maji juu ya kujitengenezea chakula. Vidudu vya chini ya mawe vinakula mwani, na samaki wanakula vidudu.

Shida inaanza wakati tunakata miti na kulima mpaka ukingoni. Mvua inashusha udongo, samadi na NPK. Udongo unafunika mawe, mwani unakosa mwanga. Kisha kiangazi kinafika: maji yanapungua na kutulia, mbolea imebaki, jua linapiga siku nzima. Hapo mwani unazidi kipimo, unakuwa nyuzi ndefu. Mchana unatoa oksijeni, lakini usiku unaivuta, na ukioza inapungua zaidi. Maganda ya kahawa yakitupwa mtoni, ni vilevile: bakteria zinazoyaozesha zinamaliza oksijeni, samaki na vidudu vinakufa.

Tena tusidanganyike: maji meupe si lazima yawe safi. Vijidudu vya kuharisha havionekani kwa macho. Maji ya kunywa tuyachemshe.

Sheria ya misitu ya 2002 inakataza kukata miti meta 50 kila upande wa mto, na meta 100 kuzunguka chemchemi. Tunajua, kwa wengi wetu meta 50 ni shamba lote. Ndiyo maana mtu mmoja hataweza. Tupange pamoja, kijito kizima. Pale miti ilikwisha kukatwa, tuanze na mistari ya mabingobingo ukingoni: inashika udongo, na mbuzi wanapata majani. Nyuma yake tupande miti ya kivuli, lakini si mikaratusi, inakunywa maji mengi. Maganda ya kahawa yaende kwenye shimo la komposti, mbali na mto.

Kila kikundi kichague sehemu moja, kigeuze mawe kumi mbele ya mvua na nyuma ya mvua, kiandike kinachoona. Tutayalinganisha kwenye mkutano. Anayelima juu ndiye anayemtayarishia jirani wa chini maji yake.