Mpunga, Mchele na Wali

Punje moja ina majina matatu. Ikiwa shambani ni mpunga. Ikiisha kukobolewa ni mchele. Ikiisha kupikwa ni wali. Maganda yakiondoka hakuna hasara, maana hakuna mtu alaye maganda. Lakini chini ya maganda mna ngozi nyembamba ya rangi ya udongo, na katika ncha ya punje mna kiini kidogo, ndicho kinachoota. Hivyo viwili vikisagika huitwa pumba.

Katika nchi ya Kisangani mpunga ulienezwa na Waarabu na Waungwana walioshuka mto Lualaba kutoka Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Tippu Tip, aliyefanywa liwali huko mwaka 1887, alikuwa mmoja wao. Hata leo watu huupanda msituni, mahali palipofyekwa, wakingoja mvua.

Mama akitwanga mpunga kinuni na kuupepeta kwa ungo, pumba nyingine hubaki juu ya punje. Mashine ikiukoboa sana, mchele hung'aa kama meno. Sokoni watu huchagua ule unaong'aa. Mwenye duka naye aupenda, kwa kuwa pumba ina mafuta, nayo huharibika upesi. Basi mtu hula mchele mweupe, na pumba hupewa kuku. Je, ni nani aliyekula vizuri zaidi?

Kuku wenyewe waliwahi kujibu. Ilikuwa katika kisiwa cha Java, wakati Waholanzi walipokitawala. Watu wengi huko waliugua beriberi: miguu hufa ganzi, mwili huvimba au hukonda, mwisho moyo hushindwa. Daktari Christiaan Eijkman alikaa Batavia, ambayo sasa ni Jakarta, tangu 1886 hata 1896, akiutafuta mdudu wa ugonjwa huo. Siku moja kuku aliowafuga wakaanza kupepesuka na kuanguka. Baada ya miezi wakapona bila dawa. Akauliza, akauliza tena. Kumbe mtumishi alikuwa akiwalisha wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari. Wakarudishiwa mchele wenye pumba, wakapona. Mpishi yule mchoyo aliwasaidia watu wengi asiowajua!

Eijkman alidhani wali mweupe una sumu. Mwenzake, Gerrit Grijns, ndiye aliyeeleza mwaka 1901 kwamba hamna sumu, bali kuna kitu kilichopungua. Kitu hicho huitwa vitamini B1, nacho kimo katika pumba. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel.

Mchele mweupe si chakula kibaya. Katika gramu 100 za mchele mkavu, karibu gramu 80 ni wanga, nao ni kuni za mwili. Gramu 7 hivi ni protini, ijengayo mwili. Lakini vitamini B1 imebaki kidogo tu, na vitamini A hamna kabisa. Mtoto alaye wali na chumvi asubuhi na jioni hushiba, lakini mwili wake una njaa bado. Akipata maharagi au karanga pamoja na wali, hupata B1 na protini. Sombe iliyotiwa mafuta ya mawese humpa vitamini A. Samaki wa mtoni, hata awe mdogo, humwongezea protini.

Tena B1 huyeyuka katika maji. Mchele ukioshwa mara nne, tano, mpaka maji yawe meupe pe, ile kidogo iliyobaki humwagwa uani. Kuuosha mara moja kwatosha kuondoa vumbi, na maji ya kupikia heri yakaukie sufuriani.

Watu wa India wana njia nyingine. Huchemsha mpunga pamoja na maganda yake, huuanika, ndipo huukoboa. Hivyo B1 huingia ndani ya punje, na mashine haiwezi kuitoa yote. Wali wake una rangi ya manjano kidogo, na harufu yake wengine hawaipendi.