Matundu ya mbele hayasomi flashi

Kompyuta nyingi za mtumba zinazoletwa mezani kwangu hapa Hamugembe huja na lalamiko moja: matundu ya USB ya nyuma yanasoma flashi, ya mbele yamekufa. Mara nyingi hayajafa. Waya wake umechomoka tu ndani ya kasha.

Zima, chomoa umeme, fungua ubavu. Kwenye ubao mama tafuta pini tisa zilizosimama safu mbili, pembeni pameandikwa F_USB au JUSB. Zingekuwa kumi, ila moja imeachwa makusudi, na kichwa cha waya kimezibwa mahali hapohapo kisiingie kinyume. Kikigoma, kigeuze, usikikandamize. Makasha ya zamani yana waya mojamoja: mwekundu kwa kawaida ni volti 5, mweusi ni wa kurudisha umeme, mweupe na wa kijani ni wa data.

Flashi huungulia hapa: baadhi ya mbao za zamani zina pini zinazofanana kabisa, za FireWire, aina nyingine ya tundu, zenye volti 12. Soma maandishi kwanza.

USB 3.0 ina kichwa chake kipana, pini 19, nazo hupinda upesi.

Fundi akikuambia ununue ubao mpya kwa tatizo hili, mwombe kwanza afungue kasha mtazame wote.