Sega la Shaba Juu ya Dhahabu: Sehemu ya Tatu

Baada ya sehemu ya pili kutoka, fundi mmoja wa Haneti, wilayani Chamwino, alinipigia simu. Kazi yake ni kupachika krisoprasi kwenye pete, yale mawe ya kijani yanayochimbwa kwao, ambayo ukijani wake umetokana na nikeli. Pete zake ni za shaba ya manjano, naye huzichovya kwanza ziwe nyekundu. Vifaa vyake ni mrututu, yaani salfeti ya shaba, ule unaojulikana na wakulima wa zabibu, asidi kidogo na betri ya pikipiki.

“Mwalimu,” akasema, “nikitumia maji ya mvua napata shaba ya namna moja, nikitumia ya kisima napata nyingine. Mrututu ni ule ule, betri ni ile ile. Mchawi nani?”

Nikamwambia aanze kuishuku chumvi. Visima vingi vya uwanda huu wa kati vina maji ya chumvichumvi, na chumvi ikiyeyuka hutoa ioni za kloraidi. Kisima kina mengine pia, kwa hiyo sikuapa. Lakini kloraidi ina rekodi.

Ubaoni tunachora hivi: ioni ya shaba, yenye chaji chanya, inakwenda kwenye elektrodi hasi, inapokea elektroni mbili, inakuwa metali. Ukiutazama mchoro huo utadhani ioni zenye chaji hasi, kama salfeti na kloraidi, hazina shughuli upande ule. Nimeufundisha mchoro huo miaka mingi, nao unaficha nusu ya habari. Ioni hasi hazivutwi na chaji peke yake. Nyingine huishika metali yenyewe na kujibandika juu yake. Shaba inapofika, inakuta uwanja una wenyewe.

Hayo huonekana vizuri zaidi kwenye dhahabu. Shaba huanza kutua juu ya dhahabu kabla umeme haujafikia kiwango ambacho shaba ingetua juu ya shaba mwenzake, kwa kuwa dhahabu huivuta zaidi. Tabaka hilo la mapema lina unene wa atomu moja tu. Mwaka 1974 Kolb, Przasnyski na Gerischer walionyesha kwamba uwahi huo huendana na tofauti ya nguvu ambayo metali hizo mbili hushikilia elektroni zake.

Ndani ya asidi ya salfuri, kwenye uso wa dhahabu uliosawazishwa vizuri, tabaka hilo halitui kwa mkupuo. Linakuja kwa hatua mbili, na hatua ya kwanza iliwasumbua wataalamu kwa miaka kadhaa. Mwaka 1990 kundi la watafiti wa Ujerumani, Kolb akiwamo, lilichapisha picha za hadubini yenye ncha kali inayopapasa uso ndani ya maji yale yale. Vilionekana vinundu vimepangika kwa utaratibu, kimoja kwa kila atomu tatu za dhahabu. Ilikuwa rahisi kusema: hiyo ndiyo shaba. Hesabu ya umeme ikakataa. Tabaka kamili hula takriban mikrokulombu 440 kwa kila sentimita ya mraba, na hatua ya kwanza ilikuwa inakula kama theluthi mbili ya hizo, si theluthi moja.

Mwaka 1995 Michael Toney na wenzake, kwa kutumia eksirei, walimaliza ubishi. Atomu za shaba zilikuwa zimejenga sega, sega hasa lenye vijumba vya pembe sita kama lile la mzingani, na katikati ya kila kijumba ameketi salfeti. Vile vinundu vilikuwa asali, nta haikuonekana! Hatua ya pili ikifika, shaba hujaza vijumba, na salfeti hubaki juu ya tabaka.

Kwa hiyo salfeti si kizuizi. Shaba na salfeti hushikana, na kila mmoja humwezesha mwenzake kukaa. Ukitumia perkloreti, ambayo haipendi kujibandika, shaba hutua kwa uvivu. Halafu chembe ya kloraidi ikiingia kwa bahati mbaya, mambo hubadilika kabisa. Kloraidi hung'ang'ania kuliko salfeti, hujipanga na shaba kwa mpango wake wenyewe, na huisaidia ioni ya shaba iliyokwisha pokea elektroni moja ikingoja ya pili. Kuipokea hiyo elektroni ya kwanza ndiko kunakochelewesha kazi nzima.

Viwanda vinavyosafisha shaba kwa umeme huchunga kloraidi kwa makumi ya miligramu kwa lita, pamoja na gundi, ili bamba litoke laini. Na tangu IBM ilipotangaza chipu zenye nyaya za shaba mwaka 1997, ukiwa na simu mfukoni una kazi ya kloraidi pia: polima inayozuia shaba isizibe mdomo wa mfereji wa waya kabla ya kujaa haishiki vizuri bila ioni hiyo.

Fundi nilimwambia agawe maji ya mvua kwenye makopo mawili, moja atie punje chache za chumvi ya mezani, lingine aliache, kisha achovye pete mbili kwa dakika zile zile. Akacheka. Ndoo ya mvua ya mwisho, alisema, mkewe ameifulia jana.