Wasomaji Elfu Moja, Bando la Kukopa

"Shikamoo mwalimu. Hadithi yangu imefika sehemu ya 41. Kundi limejaa, wengine wananisumbua niwaingize na nafasi hakuna. Ila bando la kutupia sehemu ya 42 nimekopa. Nakosea wapi?"

Ujumbe huo ulitoka Bunda, na si wa kwanza wa aina yake. Kazi yangu ni kuhariri na kuwafundisha watu kuandika kwa malipo. Maswali kama hili nimeyapokea kutoka Nyasho, Kiabakari, Butiama, hata visiwa vya ziwani. Jibu lake haliingii katika mistari miwili ya WhatsApp, ndiyo maana naliandika hapa.

Tuanze na hesabu. Kundi la WhatsApp likijaa lina watu 1,024. Hadi mwaka 2022 lilikuwa likigota kwenye 256. Mtu wa kijiweni atakuambia kwamba elfu moja wakitoa mia mia tu, umeshika laki moja kwa kila sehemu. Hesabu hiyo imewaponza wengi, kwa sababu inamchukulia msomaji kuwa ndiye mnunuzi. Msomaji anakupa muda wake. Mnunuzi anatoa hela kwa kuwa maandishi yako yanamwondolea shida fulani: ukurasa wa gazeti ujae, ripoti ya mradi isomeke, mgeni anayeelekea lango la hifadhi la Ndabaka alale kwake kwanza.

Enzi za magazeti pendwa watu hao wawili waliunganishwa na karatasi. Eric Shigongo alipokuwa akitoa riwaya zake vipande vipande katika magazeti ya Global Publishers, neno "itaendelea" lilimtoa mtu nyumbani kwenda kutafuta toleo linalofuata. Alilinunua gazeti, na hadithi akaipata humo humo. Simu imeiondoa karatasi na muuza magazeti pamoja nayo. Wamebaki mwandishi na abiria wake, na ndani ya gari hakuna konda wa kukusanya nauli.

Wanaopata chochote kwenye hadithi za simu wameamua kuwa makonda wenyewe. Sehemu za mwanzo huzitoa bure Facebook. Hadithi ikikolea, kinachofuata kinapatikana kwenye kundi la kulipia, ambalo mtu huingizwa muamala ukishasoma. Kila kipande hubeba jina la mwandishi na namba yake ya simu, juu na chini, kwa sababu kitanakiliwa tu, na kikinakiliwa ni heri kiondoke na anwani ya kwao. Mwisho huja kitabu. Waandishi kama Hussein Tuwa hawakuishia kwenye makundi ya wasomaji. Walijikusanya wao kwa wao katika UWARIDI, yaani Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira. Wengi wetu humwona mwandishi mwenzetu kama mtu wa kutunyang'anya riziki. Mimi kazi yangu ya kwanza ya kutafsiri nilipewa na mwenzangu aliyekuwa na kazi mbili na usiku mmoja.

Hapo ndipo kundi la waandishi lina faida, na wengi huikosa kwa jinsi wanavyoingia. Mtu anafika, anatupia shairi lake, anahesabu vidole gumba, anaondoka. Miezi sita baadaye mhariri wa Dar es Salaam anauliza ndani ya kundi, "Nani yuko Musoma?" Watu hawamtaji mwenye mashairi mengi. Wanamtaja yule aliyekuwa akisoma kazi za wenzake na kuwaonyesha sentensi iliyolegea, au yule aliyeahidi Alhamisi akaleta Alhamisi. Sifa hiyo haipatikani kwa wiki moja. Kwa uzoefu wangu huchukua mwaka, na mwaka huo hauna malipo, kwa hiyo usiache duka wala chaki.

Kukubali kusahihishwa nako ni sehemu ya sifa hiyo. Watu wa Butiama tunapenda kusema kwamba Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare akiwa kiongozi wa nchi. Hilo linajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963 ikiitwa Julius Caezar, na mwaka 1969 ikatoka upya, imerekebishwa, ikiitwa Juliasi Kaizari. Miaka sita baadaye mtu mwenye nchi nzima mabegani alirudi kusahihisha hata jina lililo juu ya jalada. Nimewahi kukutana na kijana aliyesusa kundi kwa kuambiwa kwamba "hata hivyo" imejirudia mara nne katika ukurasa mmoja.

Sasa bidhaa yenyewe. Mwandishi wa Musoma anayeshindana na wa Dar es Salaam kuandika kuhusu mapenzi, siasa za kitaifa na namna ya kupunguza uzito anaanza mbio akiwa nyuma. Maandishi ya jumla jumla yalikuwa rahisi hata kabla programu ya ChatGPT haijaingia mwishoni mwa 2022, na tangu hapo bei yake imekaribia sifuri. Unachoweza kuuza ni kile ambacho mhariri hawezi kukipata bila wewe, na kwetu kimejaa.

Chukua dagaa. Anayeishi karibu na mwalo anajua kwamba wavuvi wa dagaa hufuata giza: taa huwakusanya samaki usiku usio na mbalamwezi, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Anajua kwamba mvua ikinyesha mfululizo, kina mama wanaoanika wanaweza kupoteza mzigo hata kama ziwa limetoa vizuri. Anajua tofauti ya dagaa aliyeanikwa mchangani na aliyeanikwa kwenye chanja, na anaisikia mdomoni kabla hajaiona sokoni. Kwake hayo ni mambo ya kila siku. Kwa mhariri aliyekaa ghorofani, ni makala.

Ila makala haiuzwi kwa kusema "nataka kuandika kuhusu dagaa". Hiyo ni mada, na mada kila mtu anayo. Mhariri hununua swali. Pendekezo zuri halizidi maneno 150, nami huwaambia wanafunzi wangu waliandike hivi: "Chanja humlinda dagaa na mchanga, na bei yake sokoni ni nzuri zaidi. Kwa nini basi wengi bado wanaanika chini? Nitakaa siku mbili mwaloni, nitazungumza na waanikaji watatu, mnunuzi mmoja wa jumla na ofisa uvuvi. Maneno 1,200, picha nne, nitaleta tarehe 20." Humo mhariri anaona swali, njia, urefu, na siku. Akikataa, pendekezo hilo hilo linageuzwa kidogo na kupelekwa kwa shirika linalofadhili chanja, ambalo huenda likalipa zaidi ya gazeti. Nasema wazi kwamba hizo ni kazi mbili tofauti. Ukiliandikia gazeti, shirika halipaswi kukulipa hata nauli. Ukiliandikia shirika, usijiite mwandishi wa gazeti. Bahasha za semina zimewaharibia majina waandishi wengi zaidi wa mikoani kuliko makosa ya tahajia.

Lugha nazo ni mtaji. Musoma kuna ofisi ya SIL, shirika la lugha, ambako kwa miaka mingi wazawa na wataalamu wamekuwa wakitengeneza tahajia na kutafsiri katika lugha za mkoa huu wa Mara: Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu na nyingine. Anayeweza kukaa na bibi wa Kizanaki, akamsikiliza kwa lugha yake na kuandika kwa Kiswahili kisichonuka tafsiri, ana kazi ambayo wenzake wa mjini watamwomba. Na kwenye kundi asilifiche hilo. Nimeona watu wakijitambulisha kama "mwandishi mbunifu, mshairi, mhamasishaji" na kusahau kutaja kwamba wanazungumza lugha tatu.

Kuhusu bei, watu huona haya. Tuseme umepewa kazi ya shilingi 80,000. Umetumia siku mbili mwaloni na moja ya kuandika, nauli na chakula 25,000, bando na simu 5,000. Umebakiwa na 50,000 kwa siku tatu, kabla ya kodi. Huenda inakutosha, huenda haikutoshi, lakini ijue kabla ya kusema "sawa bosi". Mteja mpya atoe nusu kwanza. Makubaliano yawe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu wenye mistari mitano: kazi gani, maneno mangapi, lini, shilingi ngapi, marekebisho mara ngapi. Hilo la marekebisho nililijifunza kwa machungu. Niliwahi kuandika kijitabu kimoja mara saba kwa bei ya mara moja.

Wateja wa nje wana hesabu yao. Fiverr hukata asilimia 20, hivyo katika kila dola 100 unaziona 80 kabla hujagusa gharama za kuzileta nyumbani. Akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia watu, haipokei malipo, ndiyo maana wengi hupitia Payoneer au benki. Kampuni au shirika la hapa nchini likikulipa kwa huduma, kwa kawaida litazuia asilimia 5 kwa ajili ya TRA. Kuwa na namba ya mlipakodi mapema, kwa sababu idara ya fedha ikikosa namba hiyo hundi yako italala.

Kuna kazi moja ya nje nisiyoishauri. Vijana wengi wa Kenya walijipatia kipato kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Uingereza, na baadhi yao walijenga nyumba kwa kazi hiyo. Mwaka 2022 England ilipitisha sheria inayofanya kuuza huduma hiyo kuwa kosa, kisha mashine zikaanza kuandika insha bure. Lakini hata bila sheria na mashine, mwandishi wa namna hiyo huandika miaka kumi na hawezi kumwonyesha mtu ukurasa mmoja akasema huu ni wangu.

Sheria za kwetu nazisema kwa kifupi. Anayetaka kuandika habari kama mwanahabari anahitaji ithibati chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Anayefungua chombo chake cha habari mtandaoni aanzie TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mwandishi wa riwaya, mtafsiri na mwandishi wa ripoti hawahitaji kitambulisho cha habari. Hakimiliki ya kazi yako inalindwa na sheria Na. 7 ya 1999 tangu unapoiandika. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia siku ya ugomvi. Na kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa mzee wetu wa Butiama. Mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10. Shiriki, lakini usiiweke kwenye bajeti ya kodi ya chumba.

Kukosa mtu wa kukuonyesha njia si jambo la leo. Ukipanda kivuko Kisorya, upande wa Bunda, unashukia Rugezi, Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza. Yeye alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, na hakupata wa kuichapa. Miswada ilikaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikutana na watafiti wawili wa Kimarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, ambao walimtia moyo aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata mzee alifariki kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Kwa miaka zaidi ya 20 alikosa msomaji aliyejua njia ya kufika kiwandani.

Yule kijana wa Bunda nilimjibu kwa swali: katika hao 1,024, unajua kazi za wangapi? Alinyamaza siku tatu. Kisha akaleta orodha, ameiandika kwa kalamu akaipiga picha. Walimu kumi na tisa. Muuza pembejeo wa Nyamuswa. Nesi. Wanachuo. Dereva wa lori la Sirari. Na karibu na mwisho, mhasibu wa mradi mmoja wa maji Musoma, ambaye alipoulizwa alijibu kwamba ofisini kwao wana ripoti ya kurasa 60 ya Kiingereza wanayotakiwa kuwasomea wanakijiji, na hawajapata mtu wa kuigeuza iwe Kiswahili cha kueleweka.

Alikuwa akisoma hadithi hiyo tangu sehemu ya 3.