Siri za mitambo ya kura: Kwa nini kufuli la kidijitali sharti likaguliwe

Oktoba 26, 2017, Wakenya walipotakiwa kurudi vituoni kumchagua rais kwa mara ya pili katika muda wa miezi mitatu, upigaji kura haukufanyika katika kaunti za Migori na Homa Bay. Haukufanyika pia katika kaunti za Kisumu na Siaya. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliahirisha shughuli hiyo hadi Oktoba 28, kisha ikaiahirisha kwa muda usiojulikana. Oktoba 30 mshindi alitangazwa bila kura za kaunti hizo nne.

Mgomo huo ulikuwa na vyanzo vingi vya kisiasa, na maandamano yaliyoandamana nao yaliacha majeruhi na vifo katika eneo la Nyanza. Lakini katika kiini cha mzozo kulikuwa na swali la kitaalamu: mitambo iliyopeperusha matokeo ya Agosti 8 ilikaguliwa na nani, naye alikagua nini hasa?

Swali hilo lingali na uzito, kwa kuwa matokeo ya kila kituo husafiri kwa njia mbili. Kura zikishahesabiwa, afisa msimamizi wa kituo hujaza fomu 34A, mawakala wa wagombea wakaitia saini, na nakala ikabandikwa mlangoni. Kisha afisa huyo huipiga picha kwa kifaa cha KIEMS na kuituma kwa mtandao. Karatasi yenyewe hupelekwa kwenye kituo cha kujumlishia kura cha eneo bunge.

Kutoka kisiwa cha Mfangano, Homa Bay, karatasi hiyo haina budi kuvuka maji. Kutoka Muhuru Bay, eneo bunge la Nyatike, Migori, hukabiliwa na safari ndefu ya barabara. Picha yake huchukua sekunde chache, mradi mtandao upo. Mwaka 2017 IEBC ilisema kwamba vituo zaidi ya 11,000 kati ya 40,883 nchini havikuwa na mtandao wa kutosha, na maafisa wake wangelazimika kusogea hadi mahali penye mawimbi.

Ni katika safari hiyo ya picha ambapo usimbaji huhitajika, yaani ufundi wa kutumia hesabu kufumba ujumbe na kuulinda. Ufundi huo hufanya kazi tatu, na ni muhimu kuzitenganisha.

Kazi ya kwanza ni kuficha: anayeunasa ujumbe njiani asiweze kuusoma. Ya pili ni kugundua mabadiliko. Kompyuta huikokotoa picha nzima ya fomu na kutoa muhtasari, mfano wa alama ya kidole. Mtu akigeuza tarakimu moja tu kutoka 1 hadi 7, muhtasari hubadilika kabisa. Ya tatu ni saini ya kidijitali, inayothibitisha kwamba faili ilitoka kwenye kifaa chenye ufunguo fulani wa siri wala si kwa laghai aliye kando ya njia.

Kwa matokeo ya kura, kazi ya kwanza si muhimu sana. Hesabu zimekwisha kubandikwa mlangoni, kila mpita njia azisome. Kinachotakiwa ni uhakika kwamba kilichoonekana mlangoni Mfangano ndicho kilichofika Nairobi. Aidha, hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayothibitisha kwamba kilichoandikwa ni kweli. Afisa akiandika 540 badala ya 450, usimbaji utaufikisha uongo huo salama salimini.

Je, mtu atajuaje kwamba kufuli lenyewe ni imara? Jibu la haraka ni kulijaribu. Kabla ya uchaguzi tume hufanya majaribio, faili hutumwa kutoka mashinani, zikafika, na watu wakaridhika. Jaribio la aina hiyo huonyesha kwamba mtambo unafanya kazi asipokuwapo adui. Halionyeshi litakalotokea adui akiwapo. Mlango wenye kufuli bovu hufungwa na kufunguliwa bila shida kila siku mpaka usiku atakapokuja mwizi.

Ukaguzi kamili hupitia ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni itifaki, yaani utaratibu wa nani anamtumia nani ujumbe gani na kwa mpangilio upi. Mwaka 1978 wataalamu Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki fupi mno ya kuwawezesha watu wawili kutambuana kwenye mtandao. Wasomi waliichunguza, wakaiona safi. Mwaka 1995, miaka 17 baadaye, Gavin Lowe alionyesha jinsi mtu wa tatu angeweza kujipenyeza na kujifanya mmoja wa wale wawili. Ikiwa utaratibu wa ujumbe mchache hivyo ulificha kasoro kwa miaka 17, itakuwaje kwa mtambo mzima wa uchaguzi?

Tangu hapo wataalamu wameunda programu zinazoithibitisha itifaki kwa hesabu, zikipitia hila zote ambazo adui wa kiwango fulani anaweza kuzifanya. Ndivyo ilivyochunguzwa TLS 1.3, itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, hata kabla ya kuidhinishwa mwaka 2018.

Ngazi ya pili ni msimbo wa programu, yaani maagizo yenyewe yaliyoandikwa na waundaji. Itifaki yaweza kuwa nzuri na msimbo ukawa mbovu. Mei 2008 ilibainika kwamba katika mfumo wa kompyuta uitwao Debian, mabadiliko madogo yaliyofanywa mwaka 2006 yalikuwa yamevuruga uundaji wa funguo za siri. Funguo ambazo zilipaswa kuchaguliwa kutoka katika idadi isiyohesabika zilitoka katika kundi la takriban 32,000 pekee kwa kila aina na ukubwa. Kompyuta ya kawaida ingeweza kuzijaribu zote. Kwa muda wa karibu miaka miwili kila kitu kilionekana kwenda sawa.

Ngazi ya tatu ni uendeshaji: nani anashika funguo, nani anaweza kuingia kwenye sava, na kumbukumbu za walioingia zinatunzwa wapi. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya IEBC, alipouawa siku chache kabla ya kura ya Agosti 2017, wengi walijiuliza ni siri gani za mitambo alizokuwa nazo. Mbali na simanzi ya kifo chenyewe, swali hilo lilifichua hofu halali. Mtambo ulioundwa vyema hautegemei siri iliyo kichwani mwa mtu mmoja. Ufunguo hugawanywa kwa watu kadhaa, na muundo wa kufuli hubaki wazi kwa wote.

Wapo wanaodhani kwamba kuufungua msimbo ni kuwakaribisha wadukuzi. Uswisi ilipata funzo tofauti. Mwaka 2019 Posta ya nchi hiyo iliruhusu uchunguzi wa msimbo wa mtambo wake wa kupigia kura kupitia intaneti, uliotengenezwa na kampuni ya Scytl ya Uhispania. Machi mwaka huo watafiti Sarah Jamie Lewis, Olivier Pereira na Vanessa Teague walitangaza kasoro nzito: msimamizi wa mtambo angeweza kubadilisha kura kisha akatoa uthibitisho wa kihesabu wa kuonyesha kwamba hakuna kilichobadilishwa. Mtambo huo haukutumika katika kura ya Mei 2019, na mpya ulianza kazi mwaka 2023. Mficha uchi hazai. Kasoro ilitibiwa kwa sababu ilionekana.

Nchini Kenya, Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka mfumo wa kura uwe rahisi, sahihi, wenye kuthibitishika, salama, wenye uwajibikaji na wa uwazi. Neno zito hapo ni kuthibitishika. Halisemi tume iaminiwe. Linasema kazi yake iweze kuthibitishwa na mwingine.

Hapo ndipo mambo yalipokwama mwaka 2017. Agosti 28 Mahakama ya Juu iliamuru kwamba walalamishi waruhusiwe kuzikagua sava za IEBC kwa kusoma tu, bila kubadilisha chochote. Tume haikutii amri hiyo kikamilifu. Septemba 1 majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha uchaguzi wa rais. Katika hukumu kamili iliyosomwa Septemba 20, walio wengi walisema kukataa huko kuliwapa sababu ya kuamini madai ya walalamishi kuhusu sava hizo. Haikuthibitishwa kwamba kila hesabu ilichezewa. Kilichoiponza tume ni kushindwa kuonyesha kwamba hazikuchezewa.

Mwaka 2022 njia ilikuwa nyingine. IEBC iliweka picha za fomu 34A kutoka vituo 46,229 kwenye tovuti yake, na yeyote mwenye intaneti aliweza kujumlisha mwenyewe. Wakala aliyekuwa na nakala kutoka Rongo au Mbita aliweza kuilinganisha na ile ya tovuti. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu kwa madai kwamba fomu zilibadilishwa njiani, fomu asili za vituo vilivyotajwa zililinganishwa na za mtandaoni, na tofauti zilizodaiwa hazikuonekana. Septemba 5, 2022, majaji wote saba waliidhinisha matokeo.

Hata hivyo, kilichofunguliwa mbele ya umma mwaka huo ni fomu, si msimbo. Mahakama yenyewe ilipendekeza kwamba sava za uchaguzi zitenganishwe na zile za shughuli za ofisi, na kwamba wasio wafanyakazi wa tume wasiruhusiwe kuzifikia wakati wa uchaguzi isipokuwa pale inapolazimu kabisa. Hayo ni masuala ya ngazi ya tatu. Itifaki na msimbo navyo vinadai wakaguzi huru, na ripoti yao ina faida kubwa zaidi ikitolewa kabla ya kura kuliko baada ya kesi.

Kikatiba, uchaguzi mkuu unaofuata ule wa 2022 ni wa Agosti 10, 2027. Vyama na mashirika ya kiraia yana maswali ya kuuliza mapema: nani ameukagua msimbo, nani anashika funguo, na ripoti iko wapi? Mwananchi wa Ndhiwa au Kuria naye ana kinga isiyohitaji hesabu ngumu, yaani kuipiga picha fomu iliyobandikwa mlangoni na kuilinganisha na ile itakayotokea mtandaoni. Zikitofautiana, hakuna usimbaji utakaoweza kuficha tofauti hiyo.